Zamu ya Maji, kutoka Banioni hadi Mwisho wa Mfereji

Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa Mazimbu, Morogoro, mbele ya viongozi wa vyama vya wamwagiliaji na kamati za maji za vijiji



Katika kila skimu ya mpunga yupo mkulima ambaye jaruba lake limepakana na banio, na yupo mwingine ambaye jaruba lake liko pale mfereji unapokwisha. Ada wanayolipa ni moja, na siku ya kusafisha mfereji wote wawili hushika majembe na kuzoa tope lilelile. Lakini maji huanza kwa mmoja. Yakiwa mengi, wote hushiba. Yakipungua, wa kwanza hujaza jaruba lake mpaka kwenye ukingo, naye wa mwisho hukesha akitembea kando ya mfereji, akimtafuta aliyefungua lango katika zamu isiyo yake. Ugomvi mwingi wa skimu huanzia hapo, wala haumalizwi kwa saruji.

Saruji husaidia, hapana shaka. Mfereji uliosakafiwa haunywi maji kama ule wa udongo, na lango la chuma halibomoki kwa teke. Lakini saruji haimwambii mkulima wa banioni kwa nini afunge lango lake wakati mpunga wake bado ungeweza kunywa. Jambo hilo huambiwa na wenzake, na ni lazima liwe na faida kwake yeye mwenyewe, kwa maana hisani peke yake haivuki kiangazi kimoja. Faida hiyo ndiyo inayotafutwa katika mazungumzo haya, na inapatikana mahali ambapo wengi hawaitazamii.

Watu wa nchi hii walianza zamani kugawana maji. Katika miteremko ya Kilimanjaro Wachaga walichimba mifongo, mifereji mirefu inayoyachukua maji kutoka makorongoni na kuyazungusha kwenye mabega ya mlima mpaka vihambani. Upareni walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, ili maji ya usiku yasipotee bure na mtu asilazimike kumwagilia gizani. Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yamebaki mawe ya mifereji na ya mashamba ya watu waliolima hapo kati ya karne ya 15 na ya 18. Na huku Uluguru, upande wa Mgeta, wakulima wa mboga wameyaongoza maji ya vijito kwa mitaro iliyochimbwa kwa jembe, na siku hizi kwa mipira ya plastiki inayoshusha maji kwa mteremko tu, bila mashine.

Mila hizo zina tofauti nyingi, lakini katika jambo moja zinafanana: wajibu na haki vilifungwa pamoja. Aliyekuja msaragambo wa kusafisha mfereji alikuwa na zamu. Asiyekuja alitozwa, na asipolipa zamu yake ilipita. Hapakuwa na mtu wa kuchimba na mwingine wa kunywa. Wengine waliongeza na kiapo. Waluguru, ambao ardhi yao hurithiwa kwa upande wa mama na kusimamiwa na wazee wa ukoo, walikuwa na matambiko yao, na pango la Kolelo lilijulikana mbali kuwa mahali pa kuombea mvua na rutuba. Leo wengi wa wakulima wa Morogoro ni Wakristo na Waislamu, na hakuna anayewataka warudi pangoni. Inatosha kukumbuka kwamba maji yalikuwa na wenyewe wanaojulikana, na kwamba mtu aliyeyachepusha usiku alijua atamjibu nani asubuhi.

Yafaa pia kukumbuka lililotokea watu walipopewa kazi ya ardhi na maji bila kuulizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta Uluguru mpango wa matumizi ya ardhi, ukiwalazimisha wananchi kuchimba matuta ya ngazi milimani. Nia iliyotangazwa ilikuwa nzuri: kuzuia mmomonyoko na kulinda mito inayoteremka pwani. Lakini kwenye miteremko mingi udongo wenye rutuba ni mwembamba. Kuchimba matuta kuliufukia na kuuleta juu udongo mfu, na mwanamke aliyechimba kwa siku nyingi alivuna pungufu kuliko mwaka uliotangulia. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Kule Mgeta, mahali palipokuwa na maji ya kumwagilia mboga, matuta ya ngazi yalidumu, kwa kuwa yalimlipa aliyeyachimba. Hesabu ya jasho na mavuno inajulikana sana katika milima hii, na kila mradi utapimwa kwayo hata kama waliouandika wameisahau.

Sasa swali la mkulima wa banioni. Hata akitimiza wajibu wake wa msaragambo, bado anaweza kujiuliza: maji yapo, yanapita mlangoni mwangu, kwa nini nimngoje mtu wa chini? Jibu lililo wazi kuliko yote limetoka mbali, katika kisiwa cha Bali, nchini Indonesia.

Huko wakulima wa mpunga wamejiunga katika vyama viitwavyo subak, na maandishi ya kale ya kisiwa hicho yanavitaja tangu karne ya 11. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza mandhari ya mashamba hayo katika orodha ya urithi wa dunia. Subak si kijiji wala si ukoo. Mipaka yake hufuata maji: wanaomwagilia kutoka chanzo kimoja ni wa subak moja, hata kama nyumba zao ziko vijiji mbalimbali. Humchagua kiongozi wao, hukutana, hutozana faini. Mgawo wa maji hupimwa kwa gogo lililochongwa mianya, likalazwa ndani ya mfereji, hivi kwamba mpita njia yeyote anaona kwa macho yake fungu la kila upande. (Wajenzi wa malango yanayofungwa kwa kufuli, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa mtu mmoja, wangefaidika kulitazama gogo hilo.)

Watu wengi wa Bali ni Wahindu, na kalenda ya kupanda mpunga hupangwa katika mahekalu ya maji. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa kilimo waliiona kalenda hiyo kuwa ibada tu. Mbegu mpya zinazokomaa upesi zilikuwa zimefika, na mkulima akahimizwa apande mara nyingi kadiri awezavyo, bila kumngoja jirani. Baada ya misimu michache maji yaligombaniwa na wadudu wakafurika mashambani, na dawa zilizonyunyiziwa hazikuwamaliza. J. Stephen Lansing, mtaalamu wa anthropolojia wa Marekani aliyechunguza mambo hayo kwa miaka mingi, alieleza sababu. Kalenda ya hekalu ilikuwa ikiyafanya mashamba ya eneo kubwa yavunwe pamoja na kupumzika pamoja. Wadudu na panya walipokosa mpunga pande zote, walikufa au wakapungua sana. Kila mtu alipoanza kupanda kwa siku yake, viumbe hao walipata chakula mwaka mzima. Walihama tu kutoka jaruba lililovunwa kwenda jaruba lililochanua.

Hapo ndipo lilipo jibu. Kwa upande wa maji, mkulima wa juu hamhitaji wa chini hata kidogo. Kwa upande wa wadudu, anamhitaji sana. Akimnyima maji, wa chini atachelewa kupanda, na shamba lililochelewa ndilo litakalowalea wadudu mpaka msimu mwingine. Wadudu hao hawatajali mteremko wa mfereji. Watapanda kurudi banioni.

Msikilizaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya Bali. Lakini aufikirie ugonjwa wa kimyanga, unaougeuza mpunga kuwa wa manjano, ukadumaa na kutoa masuke yenye pepe. Kimyanga husababishwa na virusi, na hakuna dawa ya kunyunyizia inayouponya mmea uliokwisha kuugua. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, karibu na Kisumu, mwaka 1966, na tangu hapo umeonekana katika nchi nyingi za Afrika. Mbawakawa huusambaza, mikono na zana za kupandikizia nazo huusambaza. Mpunga unaochipua kwenye mabua baada ya mavuno, pamoja na baadhi ya nyasi za kwenye kingo, huuhifadhi. Skimu ambamo wakati wote pana kitalu hapa, mpunga uliochanua pale na machipukizi mahali pengine, huupa ugonjwa huo daraja la kuvukia kutoka msimu hadi msimu. Vivyo hivyo panya shamba, ambao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapa Morogoro kimewachunguza kwa miongo kadhaa, na vivyo hivyo kwelea kwelea: jaruba moja linaloiva peke yake, wiki tatu kabla au baada ya mengine, huliwa lote. Yakiiva mia kwa pamoja, kila moja hupoteza kidogo.

Ni rahisi basi kuamuru kwamba wote wapande siku moja, lakini amri hiyo haitekelezeki. Kazi inayokunywa maji mengi kuliko zote ni ile ya mwanzo, ya kulowesha ardhi kavu na kuvuruga tope kabla ya kupandikiza. Wote wakilowesha katika wiki moja, mto hautoshi, na mkulima wa mwisho atakuwa amenyimwa kwa kanuni badala ya kuibiwa. Wote wakipishana watakavyo, wadudu hushangilia. Kati ya hayo mawili ipo njia ambayo wakulima wa zamani waliifuata na ambayo skimu yoyote inaweza kuipanga: kugawa majaruba katika kanda zinazopakana, kila kanda ikilowesha na kupanda ndani ya siku chache kwa pamoja, na kanda zikifuatana kwa karibu, ili mavuno yote yaishe na ardhi yote ipumzike kwa muda unaojulikana. Ni kanda gani ianze ni suala la mkutano mkuu. Hakuna sheria inayosema iwe ya banioni kila mwaka. Chama kinachoanzia chini mwaka mmoja na juu mwaka wa pili kitakuwa kimeondoa lalamiko kubwa bila kutumia shilingi.

Jambo hilo lina uzito zaidi sasa kwa sababu ya kilimo shadidi. Njia hii ilibuniwa Madagascar katika miaka ya 1980 na padri Henri de Laulanié, na wakulima wa Morogoro wameiona kwa karibu: Kiroka, kwenye barabara ya kwenda Matombo, palifanyika mafunzo yake kwa msaada wa FAO, na Mkindo, wilayani Mvomero, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walifanya majaribio. Mche huhamishwa ukiwa mchanga, wa siku 8 hadi 12, hupandwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande, na jaruba haliachwi limejaa maji kama bwawa. Hunyweshwa, huachwa likauke mpaka udongo uanze kupata nyufa nyembamba, kisha hunyweshwa tena. Mizizi hupata hewa, machipukizi huwa mengi, mbegu hutumika kidogo, na maji hupungua. Magugu nayo huongezeka, kwa kuwa hayazamishwi tena. Hilo lisifichwe, maana palizi ni kazi, na mara nyingi ni kazi ya wanawake.

Wanaoieneza njia hii hushangaa wanapoona mkulima aliyefundishwa vizuri, na mwenye mavuno mazuri katika shamba la mfano, akirudi kujaza jaruba lake mpaka ukingoni. Humwita mkaidi. Lakini mtu huyo anapiga hesabu sahihi. Kukausha jaruba ni kuamini kwamba maji yatarudi siku iliyosemwa. Asipoiamini zamu, jaruba lililojaa ndilo ghala lake la pekee, naye huyaweka maji humo kama mtu anavyoweka akiba wakati wa njaa. Kwa kufanya hivyo anamkausha mwenzake wa chini, ambaye naye, akiyapata siku moja, huyalimbikiza kwa hofu ileile. Maji yanayopotea hapo hayajapotea kwa ujinga. Yamepotea kwa kukosa zamu inayotegemewa, na kazi ya kuirekebisha ni ya chama, wala si ya mkulima mmoja mmoja. Mafunzo ya kilimo shadidi yanayomfundisha mkulima nafasi ya miche bila kukifundisha chama kutunza zamu yataishia kwenye shamba la mfano.

Kule Dakawa, ambako maji ya mto Wami huinuliwa kwa mashine, suala hili huja kwa sura nyingine: kila lita ina gharama ya nishati ndani yake, na anayejaza bila sababu anamlipisha mwenzake. Hata hivyo kiini ni kilekile.

Mfereji, kwa hakika, hauishii kwenye mpaka wa skimu. Mazimbu penyewe panaonyesha hivyo. Mahali hapa palikuwa shamba la mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipewa eneo hili wakajenga Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, wakalima na kufuga ili kuwalisha wanafunzi wao. Mwaka 1992 walikikabidhi kwa serikali ya Tanzania, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mto Ngerengere hufika Mazimbu baada ya kupita bwawa la Mindu, ambalo hunywesha mji wa Morogoro. Mazimbu, basi, ni jaruba la chini la mfereji mkubwa. Juu yake wako wakulima wa miteremko ya Uluguru, na chini zaidi, Ngerengere unapojiunga na Ruvu, wako wakazi wa Dar es Salaam wanaofungua bomba asubuhi bila kufikiria mlima wowote. Katika miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu kuwaunganisha wa juu na wa chini: wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kuchimba makinga maji na kupanda miti, na watumiaji wakubwa wa maji wa Dar es Salaam wakachangia fedha. Fikra hiyo isingemshangaza mzee wa mfongo: anayefaidika na mfereji hushiriki kuutunza.

Sheria nazo zipo, na viongozi wa vyama wazijue. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inataka matumizi kama ya skimu yawe na kibali cha bodi ya bonde, nayo kwa mito hii ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake hapa Morogoro. Sheria hiyohiyo inazitambua haki za maji za kimila. Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya 2013 imeviwekea vyama vya wamwagiliaji msingi wa kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, sharti ambalo wenye bustani za kandokando hulisikia kwa uchungu, na ambalo utekelezaji wake unadai mazungumzo zaidi na fyekeo pungufu. Chama chenye kibali kinaweza kusimama mbele ya bodi na kudai fungu lake pale mtu wa juu anapofungua banio jipya. Chama kisicho na kibali hubaki na malalamiko.

Lakini hakuna bodi itakayokuja usiku wa manane kuangalia lango la mfereji wa tatu. Hilo ni la chama: mgawa maji aliyechaguliwa na kulipwa, hata kama ni kwa mpunga; zamu iliyoandikwa ikabandikwa banioni na mwisho wa mfereji, siyo kwenye daftari la katibu peke yake; faini inayotozwa mjumbe wa kamati kama inavyotozwa mjane. Skimu ambayo mwenyekiti wake amewahi kulipa faini ya kuchepusha maji, mbele ya mkutano, haisumbuliwi sana na wezi wa maji.

Vyama ambavyo bado havijapanga kanda zake na tarehe za kusia vitalu vina nafasi ya kufanya hivyo katika mkutano mkuu kabla ya masika. Ramani ya majaruba iletwe mkutanoni, hata ikiwa imechorwa kwa mkono, na wakulima wa mwisho wa mfereji wapewe nafasi ya kusema kwanza. Ofisa ugani wa kata na ofisa umwagiliaji wa wilaya waalikwe wakiwa wasikilizaji na washauri. Tarehe zikishakubaliwa zibandikwe siku hiyohiyo, na nakala ipelekwe kwa kijiji kinachofuata kwenye mto huo, ili nacho kijue ni wiki zipi maji yatakuwa machache.